Kujiandaa kwa Mitihani ya Bodi katika Vyuo vya Uuguzi na Ukunga Uganda

Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kufeli mtihani wa bodi ilhali kazi anaijua. Katika miaka ambayo nimewasimamia wanafunzi wodini, nimemwona zaidi ya mara moja kijana aliyemhudumia mama anayetokwa na damu kwa utulivu wa mkunga mzoefu, kisha baada ya wiki mbili akashindwa kuandika kwa mpangilio mambo yaleyale aliyoyafanya kwa mikono yake. Mtahini hana njia ya kuingia kichwani mwa mtahiniwa. Hutoa alama kwa kile alichokisoma kwenye karatasi na kwa kile alichokiona na kukisikia kwenye kituo cha vitendo. Kwa hiyo maandalizi ninayoyaeleza hapa yanaelekea upande mmoja tu, nao ni kuyatoa nje maarifa yaliyomo ndani, kwa kalamu, kwa mdomo na kwa mikono, mapema na mara nyingi, kabla ya siku yenyewe kufika.

Hatua ya kwanza: fahamu ni nani anayekutahini

Kwa miaka mingi mitihani hii ilisimamiwa na Bodi ya Mitihani ya Wauguzi na Wakunga ya Uganda, ambayo kila mtu aliijua kwa jina la UNMEB. Kufuatia sheria mpya ya elimu ya ufundi ya 2025, kazi hiyo imehamia bodi moja inayowatahini pia wanafunzi wa kada nyingine za afya, nayo ni UHPAB, yaani Bodi ya Tathmini ya Taaluma za Afya ya Uganda. Hosteli bado zinasema UNMEB, na karatasi nyingi za zamani utakazozipata zina jina hilo juu yake, lakini taarifa za usajili na ratiba zitafute kwa jina jipya. Chombo cha tatu ambacho wanafunzi wengi hukichanganya na bodi ni Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, UNMC. Baraza halikutungii mtihani wa chuo. Kazi yake ni kukusajili na kukupa leseni ukishafaulu, kwa mujibu wa sheria ya 1996, na bila usajili huo huruhusiwi kufanya kazi hata kama alama zako ni za kupigiwa makofi.

Nenda ofisi ya msajili wa chuo mapema, kabla foleni haijawa ndefu, uhakikishe mambo manne. Kwanza, jina lako kwenye usajili wa mtihani liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti chako cha kidato cha nne (S.4) kutoka UNEB, bodi ya taifa ya mitihani, kwa sababu herufi moja iliyogeuka huzaa safari nyingi za Kampala baadaye. Pili, ada ya mtihani iwe imelipwa na risiti unayo mkononi. Tatu, alama za kazi za darasani ziwe zimeingizwa zote. Nne, daftari la mazoezi ya wodini liwe limesainiwa na wasimamizi wa kila wodi uliyopita. Hili la mwisho ndilo huwaliza wengi, kwani msimamizi wa wodi ya upasuaji uliyemtegemea anaweza kuwa amehamishwa, na aliyekuja hakujui wala hawezi kusaini kazi ambayo hakuiona. Pata saini wiki ileile unapomaliza zamu zako katika wodi hiyo.

Hatua ya pili: pima ulipo kwa kutumia muhtasari na karatasi zilizopita

Chukua muhtasari wa masomo wa muhula wako, si daftari lako, uandike kila mada kwenye ukurasa mmoja. Kisha kaa bila kitabu na uandike kuhusu kila mada mistari mitano au sita: maana yake, visababishi, dalili, huduma ya muuguzi, matatizo yanayoweza kufuata. Mada uliyoijaza bila kusita iweke pembeni. Ile uliyoanza ukakwama katikati iwekee alama. Ile uliyoitazama ukaona giza iwekee alama mbili, na hiyo ndiyo utakayoanza nayo. Wanafunzi wengi hufanya kinyume; hurudia mfumo wa moyo kwa mara ya kumi kwa sababu wanaupenda, huku magonjwa ya akili yakiachwa hadi usiku wa mwisho, ilhali alama za karatasi zote mbili zina uzito wake.

Baada ya hapo tafuta karatasi za miaka iliyopita, angalau za miaka mitano, kutoka maktaba ya chuo. Usizisome kama hadithi. Hesabu ni mada zipi zimerudi na kwa sura gani, kisha jibu karatasi nzima kwa saa zilezile zilizoandikwa juu yake, simu ikiwa imezimwa. Umpe mkufunzi au mwenzako aliye mbele yako asahihishe kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Jihadhari, hata hivyo, na majibu ya zamani. Daftari la dada yako aliyemaliza 2022 linaweza kuwa safi na lenye michoro mizuri, lakini haliwezi kuwa na chanjo ya malaria, ambayo Uganda iliizindua Aprili 2025 huko Apac na ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Vivyo hivyo kwa huduma ya uchungu: chati ya partografu iliyozoeleka, inayofuatilia maendeleo ya uchungu, huanza kuchorwa mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu hatua ya uchungu hai kuanzia sentimita 5. Muulize mkufunzi wako chuo kinafundisha ipi, na katika jibu lako taja waziwazi chati unayoitumia, ili mtahini asidhani umekosea. Kwa matibabu, rejeo lako la kwanza liwe mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya katika toleo lake la karibuni, wala si kitabu kilichoandikwa kwa hospitali za ng'ambo, ambako dawa zilizo kwenye kabati letu huenda hata hazitumiki.

Hatua ya tatu: panga ratiba inayoheshimu zamu

Wiki nane hadi kumi zinatosha kwa mwanafunzi aliyehudhuria masomo. Ratiba nyingi huvunjika siku ya tatu kwa sababu zimepangwa kana kwamba mwanafunzi haendi wodini. Andika zamu zako kwanza, ndipo uweke masomo katika nafasi zinazobaki. Ukitoka zamu ya usiku, lala. Mtu aliyesimama kwa muda wa saa kumi na mbili akijaribu kusoma dawa za kifua kikuu atageuza kurasa tu. Siku za zamu ya asubuhi weka saa moja na nusu jioni kwa mada zenye alama mbili, na siku za mapumziko ndizo za karatasi nzima za majaribio. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, tenga kazi zisizohitaji mwanga mwingi, kama vile kujieleza kwa sauti hatua za utaratibu fulani, kwa ajili ya nyakati hizo za giza.

Wodi yenyewe iwe sehemu ya ratiba. Kila zamu chagua mgonjwa mmoja, na kabla ya kuondoka mwandikie mpango wa huduma kwa hatua zake tano: tathmini, utambuzi wa kiuguzi, mpango, utekelezaji na tathmini ya matokeo. Mwanafunzi anayefanya hivi kwa miezi miwili ataingia chumba cha mtihani akiwa na zaidi ya mipango thelathini aliyoiandika kwa watu aliowaona, na swali la homa ya mapafu litamkumbusha uso wa mtoto wa kitanda cha nne.

Hatua ya nne: hesabu za dawa kila siku, hata chache tu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hesabu hupoteza alama nyingi kuliko ugonjwa wowote. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikosa swali la dripu kwa sababu nilisahau kugeuza saa kuwa dakika, na nikaandika bila aibu kwamba mgonjwa apewe matone zaidi ya elfu mbili kwa dakika. Jibu la namna hiyo lingenishtua mara moja kama ningekuwa na mazoea ya kujiuliza, baada ya kila hesabu, iwapo kitu hicho kinawezekana kwenye mwili wa mtu.

Kanuni ya kwanza ni ya dozi: gawanya kiasi kilichoagizwa kwa kiasi kilichomo kwenye dawa uliyo nayo, kisha zidisha kwa ujazo wa dawa hiyo. Mtoto wa kilo 12 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, basi 180 ukigawanya kwa 120 ukazidisha kwa 5 unapata mililita 7.5. Malaria kali hufuata njia hiyohiyo. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa artesuneti miligramu 3 kwa kilo, na mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kilo, mwanzoni, kisha baada ya saa 12 na saa 24. Mtoto wa kilo 14 atahitaji miligramu 42. Na kwa kuwa chupa ya miligramu 60 ikichanganywa kwa ajili ya mshipa hutoa miligramu 10 katika kila mililita, utavuta mililita 4.2. Angalia kwamba mtoto mdogo hupata zaidi kwa kilo kuliko mkubwa. Mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa huligeuza jambo hili kila mara.

Kanuni ya pili ni ya matone: zidisha ujazo kwa idadi ya matone katika mililita moja, kisha gawanya kwa muda kwa dakika. Mililita 1000 kwa saa 8, kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, ni 20,000 kugawanya kwa 480, yaani 41.7, nawe utaandika matone 42 kwa dakika kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuhesabu sehemu ya tone. Kwa mpira wa watoto wa matone 60, idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, na ukilijua hilo utaokoa muda.

Ya tatu ni ya asilimia, nayo huwatisha watu bure. Asilimia 50 maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, basi. Kwa hiyo gramu 5 za magnesiamu salfeti ya asilimia 50 ziko katika mililita 10. Mama mwenye kifafa cha mimba akihitaji gramu 4 kwa mshipa kwa nguvu ya asilimia 20, utavuta mililita 8 za dawa ya asilimia 50, uongeze mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20. Fanya hesabu hii mpaka uweze kumweleza mtu asiye muuguzi akaielewa. Daima andika kanuni, weka namba, onyesha kila mstari na malizia na kipimo, kwa sababu ukikosea mwishoni mtahini bado anaweza kukupa alama za njia, lakini namba iliyokaa peke yake bila miligramu wala mililita haimwambii chochote.

Hatua ya tano: maswali ya kuchagua

Funika majibu kwa kiganja, soma swali, lijibu moyoni, kisha fungua utafute jibu lako. Tazama maneno kama "isipokuwa", "kwanza" na "zaidi". Swali likiuliza jambo la kwanza kufanya, huenda majibu yote manne ni sahihi, na kinachotafutwa ni mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, ndipo mengine. Usiache nafasi tupu isipokuwa karatasi yenyewe imesema jibu lisilo sahihi hupunguza alama.

Hatua ya sita: jifunze kuandika jibu refu

Karatasi ni ya Kiingereza, na kila swali lina neno lake la amri. Kutaja ni kutaja. Ukiandika aya nzima mahali ulipoambiwa utaje, umepoteza dakika ambazo hazitarudi. Kueleza kunataka jambo pamoja na sababu yake. Kujadili kunataka pande zote. Tengeneza orodha ya maneno hayo ya amri kutoka karatasi zilizopita, na mbele ya kila moja andika kwa Kiswahili kinachotakiwa. Tazama pia alama zilizowekwa pembeni: swali la alama kumi kwa kawaida linataka hoja kumi, au hoja tano zenye maelezo.

Chukua mfano wa mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 36, aliyefika kituo cha afya cha daraja la tatu akiwa na presha 170/115, maumivu makali ya kichwa na protini kwenye mkojo, kisha akapata degedege mapokezini. Mwanafunzi wa kawaida ataanza kwa kuandika kila anachokijua kuhusu kifafa cha mimba, akianzia visababishi. Mtahini aliuliza huduma ya dharura. Jibu linaloeleweka huanza pale ambapo mkunga angeanza: aite msaada, amlaze mama kwa ubavu wa kushoto, asafishe njia ya hewa, ampe oksijeni kama ipo, amkinge asiumie bila kumfunga wala kumkandamiza. Kisha magnesiamu salfeti: gramu 4 kwa mshipa polepole, zikifuatwa na gramu 5 katika kila tako pamoja na lignokaini, dawa ya ganzi, jumla gramu 14. Kisha dawa ya kushusha presha, katheta ya mkojo, na maandalizi ya rufaa kwenda daraja la nne au hospitali, ambako kuna chumba cha upasuaji, huku mkunga akimsindikiza na barua iliyoandika dozi na saa.

Alama za ziada ziko kwenye uangalizi, ambao wengi huusahau. Kabla ya kurudia dozi, mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu uwe unaruka ukigongwa chini ya goti, na mkojo uwe si chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe tayari kando ya kitanda iwapo dawa itamzidi. Kila kitendo kipewe sababu kwa maneno machache: kwa nini ubavu wa kushoto, kwa nini upimwe mkojo. Muuguzi anayejua sababu huandika kwa uhakika, na uhakika huo huonekana hata kwenye mwandiko.

Jizoeze majibu ya namna hii matatu kwa wiki, kwa mkono, kwa wino. Kusoma jibu zuri la mwenzako na kutikisa kichwa kwa kukubali si mazoezi.

Hatua ya saba: mtihani wa vitendo

Huu ndio mtihani ambao wanafunzi wote huuita kwa herufi zake nne, OSCE. Unapita kituo kwa kituo; kila kimoja kina kazi yake, dakika zake chache na mtahini mwenye orodha anayoitia alama. Mtahini huyo mara nyingi haruhusiwi kukusaidia, kwa hiyo uso wake mkavu usikutishe. Anachokiweka alama ni kitendo alichokiona na neno alilolisikia. Ukimkagua mama tumbo bila kusema unachokitafuta, nusu ya ujuzi wako imebaki kwako.

Anza kila kituo kwa namna moja mpaka iwe kama kupumua: soma maelekezo yaliyobandikwa hadi mwisho, salimia, jitambulishe, hakikisha jina la mgonjwa, eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, weka pazia, nawa mikono. Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60, na kwa dawa ya kupaka sekunde 20 hadi 30. Wasio na mazoea hupaka kwa sekunde tano wakiwa wanatembea. Malizia vilevile kwa kumweka mgonjwa vizuri, kutupa taka kwenye chombo chenye rangi inayotakiwa, kunawa tena, na kuandika. Huduma isiyoandikwa haihesabiwi, wodini na mtihanini pia.

Kiri pia kwamba mgonjwa wa maigizo ni mtu. Nimewaona wanafunzi wakimgeuza kama mwanasesere kwa sababu wanajua haumwi. Mwite kwa heshima: mama, mzee, dada. Wodini wagonjwa hutuita "musawo", yaani daktari au mganga kwa Kiganda, hata kabla hatujahitimu, na jina hilo ni deni.

Pitia maabara ya mazoezi ya chuo mkiwa watatu: mmoja afanye, mmoja awe mgonjwa, wa tatu ashike orodha na saa. Badilishaneni. Fanyeni hivyo kwa kupima dalili muhimu, sindano ya msuli, kuweka dripu, kusafisha kidonda, kuweka katheta, kufufua mtoto mchanga na kuhesabu alama za Apgar, zinazopima hali yake, katika dakika ya kwanza na ya tano, kujaza partografu na kumshauri mama kuhusu kunyonyesha au uzazi wa mpango. Ushauri ndio kituo kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho ambacho mtu asiyejua kusikiliza hugundulika upesi.

Kituo kimoja kinastahili uangalifu wa pekee katika nchi yetu, nacho ni kuvaa na kuvua mavazi ya kinga. Uganda imepambana na Ebola mara kadhaa: Gulu mwaka 2000, ambako Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor na wauguzi kadhaa walipoteza maisha wakiwahudumia wagonjwa, Mubende na wilaya jirani mwaka 2022, kisha Kampala mwanzoni mwa 2025, ambapo mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi. Hatari kubwa iko wakati wa kuvua, mtu akiwa amechoka na amelowa jasho. Jizoezeni kuvua polepole, mmoja akisoma hatua kwa sauti, mikono ikisafishwa kati ya hatua na hatua, na upande wa nje wa vazi usiguse ngozi. Mtahini anayeona haraka katika kituo hiki ana sababu ya kukufelisha, nami nitamwunga mkono.

Hatua ya nane: kikundi na lugha

Kikundi kizuri kina watu wanne au watano, na kila mmoja anakuja akiwa na mada aliyoandaa kuwafundisha wengine. Jadilianeni kwa lugha inayowafungulia akili, iwe Kiswahili, Kiganda au Kilugbara. Ninyi mnaojua kwamba mwenzenu wa kutoka Koboko hucheka kwa Kiswahili na kuelewa kwa Kiswahili msimlazimishe afikiri kwa lugha nyingine saa mbili za usiku. Lakini dakika ishirini za mwisho za kila kikao ziwe za kuandika kwa Kiingereza kile mlichokubaliana, kila mtu kwenye karatasi yake, kisha mkabadilishane na kusahihishana. Majina ya kitaalamu yapewe tahajia sahihi mapema. Dawa mbili zenye majina yanayokaribiana zikibadilishana kwa kosa la herufi, mtahini hawezi kujua kama ulikosea kuandika au ulikosea dawa.

Mtu anayekuja kikundini kusikiliza tu, aulizwe swali la kwanza. Baada ya vikao viwili ama ataanza kujiandaa ama atajiondoa mwenyewe.

Hatua ya tisa: wiki ya mwisho

Acha mada mpya. Rudia mipango yako ya huduma, hesabu, na orodha za vituo. Katika wiki hii simu huanza kujaa watu wanaodai kuwa na karatasi ya mtihani wanayoiuza. Usifungue, usisambaze, usilipe. Mara nyingi ni karatasi ya mwaka uliopita iliyobadilishwa tarehe, na hata ikiwa ya kweli, kukutwa nayo kunaweza kufuta matokeo yako, na pengine ya wenzako pia. Miaka miwili na nusu ya cheti, au mitatu ya stashahada, ni mirefu mno kuiweka rehani kwa picha ya kwenye simu.

Usiku wa kuamkia mtihani pasi sare, weka kitambulisho, kadi ya mtihani, kalamu mbili za bluu au nyeusi, rula, saa ya kawaida yenye mshale wa sekunde na kikokotoo kama kinaruhusiwa. Kucha ziwe fupi, nywele zimefungwa, pete na hereni zimeachwa nyumbani, kwani kwenye mtihani wa vitendo mtahini huanza kukutazama mlangoni. Kama unakaa mbali na kituo, kubaliana na bodaboda unayemjua tangu jana yake na uondoke mapema kuliko unavyodhani inatosha, hasa msimu wa mvua. Kula kifungua kinywa ulichokizoea. Katogo ya nyumbani, ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi, ni salama kuliko rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ya kibanda usichokijua.

Hatua ya kumi: ndani ya chumba na baada yake

Soma karatasi yote kabla ya kuandika neno. Gawa dakika kwa alama, uandike saa ya kuhama pembeni mwa kila swali, na saa hiyo ikifika uhame hata kama sentensi haijaisha. Alama tatu za kwanza za swali jipya ni rahisi kupata kuliko alama ya mwisho ya swali la zamani. Anza kila swali refu kwenye ukurasa mpya. Bakiza dakika kumi za kukagua namba yako ya mtihani, vipimo kwenye hesabu na maswali yaliyorukwa.

Ukitoka, usisimame kwenye kikundi kinachojadili majibu chini ya mwembe. Nenda ukale, kisha ufungue orodha ya kesho. Matokeo yakitoka na somo moja limekushinda, nenda kwa mkufunzi wiki hiyohiyo uulize tarehe na ada ya kurudia, kwa sababu usajili wa marudio una mwisho wake kama usajili mwingine. Na kama umefaulu mitihani ya mwisho, chukua hati ya matokeo chuoni, tengeneza nakala zilizothibitishwa, na anza mara moja maombi ya usajili kwa Baraza. Usikubali kuwekwa kwenye zamu ya kliniki yoyote ya mtaani kama muuguzi kabla namba yako ya usajili haijatoka.